Nukta Mlafi

Jumanne, 5 Machi

Leo nimeingia darasani kufundisha, mimi ambaye mara ya mwisho kukaa darasani nilikuwa na ndevu tatu tu kidevuni. Maisha yangu ya kazi yamepita nyuma ya kaunta ya posta, nikigonga mihuri na kupima vifurushi. Mwalimu alikuwa mke wangu. Alifundisha kuchora katika shule ya msingi ya hapa mtaani hadi mwili ulipokataa. Tumemzika kabla ya muhula kufunguliwa.

Mwalimu mkuu alikuja nyumbani wiki ile ya msiba. Alisema vipindi vya kuchora vya darasa la tano havina mtu, na kamati ya wazazi inataka vigeuzwe kuwa vya hesabu, kwa kuwa matokeo ya mwaka jana yaliwatia aibu.

"Nimewaomba wasubiri muhula mmoja," alisema. "Siku ya wazazi waje waone kazi za watoto, ndipo waamue. Lakini mwalimu sina."

Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, alikuwa anakusanya vikombe. Nikasikia mdomo wangu unasema nitajaribu. Vikombe vikanyamaza.

"Wewe na kuchora wapi na wapi?" aliniuliza mgeni alipoondoka. "Hata ramani ya kuja hapa ulinichorea nikapotea."

Ni kweli. Lakini vipindi vile ndivyo vilivyobaki vya kwake. Nguo zake amezichukua shemeji akazigawa, na kitanda nimekisogeza. Jumanne na Alhamisi zilikuwa zake, na kama zitaondoka, zisiondoke kwa sababu mimi nilikaa nyumbani.

Basi leo nikachora barabara ubaoni, inayokwenda mbali, kama nilivyomwona akifanya. Kijana wa kiti cha mbele akanyoosha mkono. Wenzake wanamwita Wakili, maana hakubali jambo bila shahidi.

"Mwalimu, hiyo ngazi inapanda wapi?"

Darasa zima likacheka. Nilipogeuka kuitazama, kweli ilikuwa ngazi. Kufikia mapumziko nilikuwa nimeshapewa jina: Mwalimu Stempu.

Alhamisi, 7 Machi

Barabara ya leo imefanana na suruali. Tunasogea.

Jumanne, 12 Machi

Mvua imeanza. Ilipiga mabati kwa nguvu hata sikujisikia mwenyewe nikisema "tulieni." Nikasimama kama sanamu. Mwishowe nikagongelea msumari katikati ya ubao, nikafunga nyuzi kadhaa, nikawaita watoto wawili wawili wazivute hadi kwenye pembe za ubao. Nikapitisha chaki kwenye uzi mmoja: ukingo wa barabara. Nikapitisha kwenye mwingine: ukingo wa pili. Kwenye nyuzi za juu, vichwa vya nyumba za upande huu na upande ule. Hakuna neno lililosemwa, maana lisingesikika. Macho yao yalikuwa yanatoka kwenye uzi yanakwenda kwenye msumari, kila mara yanarudi pale pale.

Mvua ilipopungua, sauti ya kwanza kusikika ilikuwa ya binti wa dirishani. Huyu wanamwita Kifutio, kwa kuwa anafuta kuliko anavyochora.

"Ile nukta inakula kila kitu," alisema.

"Nukta mlafi," akajibu mwingine huko nyuma, na jina likakaa. Mke wangu alikuwa na neno lake zuri la kitabuni kwa ile nukta. Nimejaribu kulikumbuka njia nzima nikirudi, halikuja. Nimekubali mlafi.

Alhamisi, 14 Machi

Wameuliza kama mlafi huwa anashiba. Nimesema sijui, nitauliza. Sijui nilidhani nitamuuliza nani.

Jumanne, 19 Machi

Paa linavuja juu ya dawati la Wakili. Alihama mara mbili na tone likamfuata, akasema huo ni ushahidi wa kutosha. Nikawatoa wote barazani.

Baraza ya shule ni ndefu. Inapita mbele ya madarasa yote, nguzo moja baada ya nyingine, hadi kwenye tangi la maji kule mwisho. Nilisimama mahali alipokuwa akisimama mke wangu siku zote, karibu na nguzo ya kwanza, nikaona. Nguzo zilikuwa zinapungua. Ukingo wa paa ulikuwa unashuka, sakafu inapanda, na vyote vinakimbilia nyuma ya tangi. Kumbe alikuwa akiwatoa nje kwa hili. Mimi nikipita na baiskeli nilidhani wanapunga hewa.

Nikawaambia wafumbe jicho moja, wanyooshe mkono, wapime nguzo kwa penseli. Walikuwa wamesimama hivyo wote, mkono mbele, jicho moja limefungwa, mwalimu mkuu alipotokea ofisini. Ni mtu mrefu, shingo imenyooka kama amevaa kola ya bati.

"Hawa wana nini machoni?"

"Wanapima, mwalimu."

"Wanapima nini?"

"Umbali."

Akawatazama mmoja mmoja. "Hesabu huwa wanapima kwa macho mawili," alisema, akarudi zake. Sijampenda leo.

Jumapili, 24 Machi

Shemeji amekuja na mboga na maneno. Nimemsimulia habari za penseli, akacheka hadi akaweka kisu chini.

"Dada alikuwa anafanya hivyo kwa kidole gumba," alisema. "Tukiwa wadogo alinipima hadi nikalia. Nilidhani ananipunguza."

Nilikuwa nimesahau. Nilipokuwa natoka posta jioni, yeye akiwa mlangoni, alikuwa ananyoosha kidole gumba kunipima tangu kona. Alisema kwenye kona nilikuwa kama ukucha. Kwenye duka la viatu nilikuwa kidole kizima. Nikifika uani alishusha mkono, anasema nimezidi kipimo.

Alhamisi, 28 Machi

Leo wamechora baraza na watu ndani yake. Nguzo zimesimama, paa limeshuka, sakafu imepanda, na watu wakubwa wako mbele, wadogo nyuma. Nilikwenda dawati hadi dawati nikizitazama karatasi. Nimekuja na michoro yote nyumbani, nimeibandika ukutani sebuleni. Hata Kifutio hakutoboa karatasi kwa kufuta leo. Wamejua. Nimewafundisha mimi, mgonga mihuri, na wamejua.

Jumanne, 2 Aprili

Mvua tupu. Shule imefungwa, njia haipitiki.

Jumanne, 9 Aprili

Ni vigumu kuandika ya leo lakini nitaandika.

Asubuhi nikinywa chai niliitazama tena ile michoro ya ukutani, na kitu kikanikera bila kujua ni nini. Kisha nikaona. Katika kila karatasi, mwalimu mkuu yuko kwenye nguzo ya kwanza. Nyuma yake walimu. Nyuma ya walimu yupo Mama Ufagio, yule mama anayefagia shule. Na mwisho kabisa, karibu na tangi, watoto wa darasa la kwanza. Karatasi zote, mpangilio mmoja.

Nilipofika darasani nikawaambia: "Leo tubadilishe. Mwalimu mkuu aende kule kwenye tangi. Mama Ufagio aje hapa mbele."

Hakuna penseli iliyosogea. Wakili akasimama.

"Mwalimu, hiyo haiwezekani."

"Kwa nini?"

"Mwalimu mkuu awe mdogo kuliko Mama Ufagio?"

"Yuko mbali."

"Basi tumwite aje karibu."

"Lakini leo yuko mbali, hawezi kuja."

"Tutamsubiri afike ndipo tumchore."

Wenzake wakaitikia kwa vichwa. Hakuwa anafanya mzaha, uso wake ulikuwa wa mtu anayemwokoa mzee asijiaibishe.

Nikamwendea Kifutio. Nikamuuliza, hawa watoto wa darasa la kwanza kwenye mchoro wako, mbona wadogo hivi? Akanishangaa. "Si ni wadogo, mwalimu? Ni wa darasa la kwanza." Nikamwambia anichoree mmoja wao akiwa hapa, kando yangu. Akamchora urefu wa kiatu changu. Nikamwambia anichoree mwalimu mkuu akiwa kwenye tangi. Akasita, akafuta, akachora tena. Tangi likamfikia mwalimu mkuu magotini, na kichwa kikatoboa paa.

Basi hawakuwa wamejua. Nguzo walizitii, kwa kuwa nguzo si mtu wa kuamkiwa. Watu waliwapima kwa cheo. Walinipangia wakubwa mbele na wadogo nyuma, kwa adabu, na adabu yao ikaangukia kwenye kanuni yangu kama kifuniko kinavyoangukia sufuria. Mimi nikaibandika ukutani nikajipongeza.

Nilieleza. Nilieleza tena kwa sauti kubwa, kisha kwa sauti ndogo. Mwishoni Wakili alisema kwa upole, "Tumekuelewa, mwalimu. Lakini tukimchora mdogo, si atakuwa mdogo?"

Na kusema haki, nilifanya kazi miaka yote nikimwona mkuu wa posta kuwa mkubwa kuliko mlango wa ofisi yake.

Nimeibandua michoro. Ukuta una madoa ya gundi.

Jumatano, 10 Aprili

Sikutoka.

Alhamisi, 11 Aprili

Mwalimu mkuu ameniita ofisini. Nilidhani amesikia habari za tangi. Kumbe mwenyekiti wa kamati ya wazazi alipita. Huyu ndiye mwenye duka la mbao na misumari, mtu wa maneno makubwa na mikono mifupi. Amesema haoni haja ya kusubiri siku ya wazazi, ratiba mpya ya hesabu ameshaiandaa.

"Nimemwambia atasubiri," alisema mwalimu mkuu. "Lakini kama umechoka, mzee wangu, pumzika. Hakuna atakayekulaumu."

Nikasema sijachoka, ila watoto hawajaelewa na mimi sijui nifanye nini. Sikutegemea kusema hivyo. Akapanga kalamu zake mezani.

"Mkeo aliwahi kunichora," alisema. "Nilikuwa mwalimu mgeni hapa. Akanichora masikio makubwa hivi. Nilinuna wiki nzima."

"Kisha?"

"Kisha nikajitazama kwenye kioo cha kinyozi. Yalikuwa makubwa."

Akayashika, yote mawili, kama anayeangalia kama bado yapo. Nimeondoka nikijua kwamba nilimwona vibaya tangu mwanzo. Ile shingo si kiburi. Ni mtu anayebeba shule nzima kichwani na anaogopa isimwagike.

Na neno la kioo halikunitoka.

Jumapili, 14 Aprili

Tulipokuwa wapya katika ndoa, mke wangu alichora barabara ya nje kwenye kioo cha dirisha kwa kipande cha sabuni. Alifumba jicho moja, akafuata kila kitu pale pale kilipoonekana, miti juu ya miti, mapaa juu ya mapaa. Ilikaa siku mbili, mama mwenye nyumba akaifuta akidhani ni uchafu.

Madirisha ya shule ni ya wavu. Ya kwangu ni vioo vyembamba vya vipande vipande. Kioo kikubwa, kizima, katika nyumba hii ni kimoja tu: kile kilichofunika picha yake sebuleni, ile tuliyoikuza kwa ajili ya msiba.

Nilikuwa nimeishusha na ninang'oa vijisumari vya nyuma ya fremu shemeji alipoingia.

"Unafanya nini?"

"Naazima kioo."

"Kioo cha dada yangu?"

"Cha darasani. Nitakirudisha."

Akakaa. Picha ilikuwa mapajani mwangu bila kioo, na bila ule mng'ao alionekana karibu zaidi, hata vinyweleo vya paji la uso.

"Umemvua," alisema shemeji.

Nikamweleza yote: mwalimu mkuu, tangi, magoti. Alisikiliza akiwa amekunja midomo. Kisha akainuka akaenda chumbani, nikajua amekasirika anachukua mkoba wake. Alirudi na plasta ya vidonda.

"Zungushia kingo," alisema. "Watoto wa watu watajikata. Na wewe hujui hata kubeba kioo, lete hapa."

Jumanne, 16 Aprili

Mvua ilitupumzisha, ikabaki maji barazani. Nilisimamisha kioo kwenye dawati mwanzo wa baraza, kimebanwa na vitabu pande zote. Mbele ya dawati niliweka kiti, na juu ya egemeo la kiti nikafunga kadibodi yenye tundu, ili jicho likae mahali pamoja lisitangetange.

Bahati ilikuwa upande wangu. Mama Ufagio alikuwa karibu na nguzo ya kwanza, anasukuma maji. Na mwalimu mkuu alikuwa kule mwisho, kwenye tangi, anabishana na fundi bomba.

"Mama, tunaomba usimame hapo kidogo," nilimwambia.

"Nisimame mpaka lini? Maji hayanisubiri."

"Tunakuchora mbele ya mwalimu mkuu."

"Mbele yake?" Akageuka kutazama kule kwenye tangi, akaegemea ufagio. "Basi fanyeni haraka kabla hajaniona."

Nikamwita Wakili. Nikampa kipande cha sabuni. "Usichore unachokijua," nilimwambia. "Weka jicho kwenye tundu, fuata kinachoonekana kwenye kioo. Anza na mama."

Akamzungushia Mama Ufagio, kilemba hadi viatu. Alichukua nusu ya kioo. "Sasa mwalimu mkuu." Sabuni ikasogea, ikasimama. Akatoa jicho kwenye tundu, akalirudisha. Akachora kitu kidogo, kama harage. Akaruka kutoka kitini.

"Kioo kimekosea."

Akazunguka nyuma ya kioo, akakikagua, akapitisha kiganja. Akamwita Kifutio. Naye akaweka jicho, akachora harage la pili juu ya harage la kwanza, sawasawa. Akaja wa tatu. Akaja wa nne. Mama Ufagio akauliza kama tunachora ukoo mzima.

Kisha Wakili akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Akatoka mbio, akakata baraza yote hadi kwenye tangi, akasimama mbele ya mwalimu mkuu na fundi bomba, akamtazama mwalimu mkuu kuanzia viatu hadi utosi. Tuliona mwalimu mkuu akiinama kumuuliza kitu. Wakili akatikisa kichwa, akarudi anahema.

"Ni yuleyule," alisema.

"Sasa?"

Alikitazama kioo tena. "Kioo hakijui cheo cha mtu," alisema. "Ndiyo maana ni shahidi mzuri."

Niliingia darasani nikajifanya natafuta chaki.

Alhamisi, 18 Aprili

Wanapimana uwanjani, wanapimana kwenye foleni ya maji. Mwalimu wa hesabu amelalamika kwamba wamempima akiwa ubaoni. Nilimuuliza alikuwa kiasi gani. Akasema penseli nusu. Nadhani alifurahi.

Alhamisi, 25 Aprili

Leo nimechemsha chai, nimechonga penseli, nimefika shuleni, na hadi kengele ya mapumziko nilikuwa sijamfikiria mke wangu hata mara moja. Nilipokumbuka kwamba sikukumbuka, nikakaa kwenye ngazi za baraza.

Kifutio akaja akakaa kando. Baadaye akanionyesha karatasi yake. Nguzo ya kwanza aliichora kwa haraka, mistari miwili basi. Tangi, ambalo halizidi punje ya mahindi, lilikuwa na kila kitu: mfuniko, bomba, hata kutu ya ubavuni.

"Mbona tangi umelihangaikia hivi?" nilimuuliza.

"Ni dogo, mwalimu. Usipoliangalia vizuri linapotea."

Nilimwambia ni kazi nzuri. Tulikaa hadi kengele.

Jumanne, 7 Mei

Mvua zinakwisha. Wakili amemaliza mchoro wake wa siku ya wazazi, karatasi nne zimeunganishwa. Mbele ni Mama Ufagio, mkubwa, mikono kwenye ufagio, ndala moja imekatika kamba. Nyuma yake nguzo zinakimbia. Na mwisho, karibu na nukta mlafi, mwalimu mkuu, mdogo kuliko unyayo wa mama. Ni yeye kabisa. Shingo ile. Masikio yale.

Mwalimu wa hesabu alikuja kuuona, akafunga mlango.

"Mzee, huu uweke nyuma ya kabati," alisema. "Mwenyekiti anatafuta sababu. Akiona mwalimu mkuu amekuwa mdudu na mfagizi amekuwa malkia, vipindi vimekwenda. Bandika maua."

Alisema kwa nia njema. Maua tunayo, mazuri.

Ijumaa, 17 Mei

Wiki nzima nimeugeuza ule mchoro, mara ukutani, mara kabatini. Jioni hii nimemuuliza shemeji.

"Aliuchora mwenyewe kabisa?" aliniuliza. "Hukumsaidia mkono?"

"Hata mstari."

"Basi ukiuficha, kesho kutwa watakuuliza kwa nini. Utawaambiaje? Kwamba kioo kilisema uongo?"

Nimerudi shuleni kabla giza halijaingia, nikaubandika katikati, mahali ambapo mtu akiingia barazani hawezi kuukwepa. Umekaa upande kidogo.

Jumamosi, 18 Mei

Wazazi walijaa. Waliona maua wakasema mazuri, waliona nyumba na barabara wakasema mbona zinaingia ndani. Shemeji alikuja amevaa vizuri na kuvaa uso wa kutonijua. Mwenyekiti alitembea mbele, mikono nyuma, na mwalimu mkuu kando yake. Wakafika katikati.

Mwenyekiti akasogea. Akarudi nyuma. Akaweka kidole kwenye karatasi.

"Huyu hapa ni nani?"

Kila mtu alijua.

"Mwalimu mkuu," alisema mwenyekiti kwa sauti ya kusikika hadi getini, "umefanywa inzi. Na anayefagia ndiye mkubwa wa shule. Hiki ndicho wanachojifunza vipindi viwili kwa wiki?"

Watu wakacheka kicheko kile cha kumngojea mkubwa aonyeshe njia. Mama Ufagio, aliyekuwa kando ya nguzo, akaanza kujisogeza nyuma ya wenzake. Mwalimu mkuu hakucheka. Aliinama, akautazama mchoro, na masikio yake yakaiva. Nikafungua mdomo niseme ni kosa langu.

"Aliyechora yuko wapi?" aliuliza.

"Mimi," alisema Wakili.

"Hebu nieleze."

"Siwezi kukueleza ukiwa hapa, mwalimu. Inabidi uende kule."

Baba yake Wakili akamshika bega, mtoto akauponyoka mkono. Mwalimu mkuu akamtazama mtoto, akatutazama sisi, kisha akaanza kutembea. Alitembea peke yake katikati ya baraza, mbele ya shule nzima, na kila alipotaka kusimama Wakili alimwambia, "Bado, mwalimu. Endelea. Bado." Hadi mgongo ukagusa tangi.

"Mama Ufagio, njoo hapa mbele," alisema Wakili.

"Mimi tena?"

"Wewe ndiye uliye karibu."

Kifutio alikuwa ameshapita kwa wazazi anagawa penseli, anawafundisha kufumba jicho. Mama mmoja alishindwa kufumba moja bila la pili, mwanawe akamziba kwa kiganja. Mwenyekiti alikataa penseli. Kifutio hakumwondolea mkono. Mwishowe mwenyekiti akaipokea.

Kisha mtu akasema "Ala," taratibu. Mwingine akaanza kucheka, safari hii bila kumngojea mtu. Mwenyekiti alinyoosha mkono wake mfupi, akafumba jicho, akafungua, akafumba tena. Mwalimu mkuu alikuwa anaenea chini ya kiwiko cha Mama Ufagio, na nafasi ikabaki.

"Niko kiasi gani?" aliuliza mwalimu mkuu kutoka kule.

"Kama kifundo cha kidole," waliitikia watoto.

Tukamwona anatoa kalamu mfukoni, ananyoosha mkono, anafumba jicho lake, anatupima na sisi.

"Mwenyekiti," aliita, "kutoka huku wewe ni mdogo kabisa. Unaishia kwenye kifuniko cha kalamu."

Sijawahi kusikia baraza ile ikicheka namna hiyo. Mwenyekiti alitaka kukasirika akakosa pa kuanzia. Akarudi kwenye mchoro, akautazama upya, nguzo moja moja, kwa macho ya mtu anayeuza mbao na kujua kilichonyooka.

"Huyu mtoto alitumia rula?"

"Kwa nguzo tu," nilisema. "Watu aliwaona mwenyewe."

Kamati ilikaa darasa la sita, mlango umefungwa. Tulisubiri nje, shemeji upande mmoja wa benchi na mimi upande wa pili. Walipotoka, mwenyekiti alisema vipindi vya kuchora vitabaki Jumanne na Alhamisi, na hesabu itatafutiwa nafasi asubuhi kabla ya kengele. Akasema pia kwamba angependa, siku moja, duka lake lichorwe. Kutoka karibu.

Watoto wakamnyanyua Wakili. Mimi walinishika mikono tu, ni mzito. Shemeji alifuta macho akasema ni vumbi, na vumbi halijaonekana hapa tangu Machi.

Jumatatu, 20 Mei

Nimekwenda shuleni kufunga kabati kwa likizo. Anga nyeupe, sakafu imekauka.

Mlango wa ofisi ya mwalimu mkuu ulikuwa wazi, na ndani alikuwa na mgeni, mkaguzi nadhani, mtu wa mkoba. Nilitaka kupita nikaona ukuta wa nyuma ya kiti chake. Kalenda imeondolewa. Mchoro wa Wakili umebandikwa pale, na umenyooka kuliko nilivyoubandika mimi.

"Huyu mama ni nani?" aliuliza mgeni.

"Anafanya kazi hapa. Tazama mikono yake ilivyoshika ufagio."

"Na wewe uko wapi?"

"Nimo. Sogea. Sogea zaidi, usiogope. Fuata nguzo hadi mwisho." Nikasikia kiti kikisukumwa, na mwalimu mkuu akiinuka kumwonyesha kwa ncha ya kalamu. "Mtu akiwa na haraka hunikosa. Lakini nipo hapo, na nimechorwa mzima. Hawa ni watoto wa darasa la tano. Wamefundishwa na mke na mume."

Sikubisha hodi. Nilifunga kabati, nikaweka ufunguo mfukoni, nikapita njia ya nyuma ili nisikutane na mtu, maana uso wangu ulikuwa umenishinda kuupanga.